Mama Amebadilika Tangu Aanguke: Apimwe Upya na Nani, na Lini?

Barua tatu zilizofika mezani pangu mwezi huu zinahusu jambo moja, ingawa walioziandika hawajuani: mzee anayeishi katika makao ya wazee amebadilika, na hakuna aliyeketi kumpima upya ili matunzo yake yabadilike pamoja naye. Nimezifupisha kidogo na kuondoa majina. Kabla ya kukabidhiwa ukurasa huu nilikuwa muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa katika wodi za wazee, kwa hivyo wasomaji watanivumilia nikikawia kwenye mambo ya mizani, vitanda na vyoo.

BARUA YA KWANZA

Sista, pokea salamu zetu. Mama yetu ana umri wa miaka 81 na anaishi katika makao ya wazee hapa Nairobi tangu mwaka jana. Alipoingia alikuwa akitembea kwa mkongojo na kuoga mwenyewe, na tulipomtembelea Jumapili alikuwa akituuliza habari za wajukuu mmoja mmoja kwa majina. Wiki sita zilizopita alianguka usiku akielekea chooni. Alipigwa picha ya nyonga, tukaambiwa hakuna mfupa uliovunjika. Tangu hapo hatembei bila kushikwa, anavishwa daipa mchana na usiku, nguo zinampwaya, na mara mbili ameniita kwa jina la dada yake aliyefariki. Juma lililopita msimamizi wa makao alitupigia simu akasema kwamba Mama amepandishwa hadi “ngazi ya pili” na kwamba malipo yatatoka shilingi 65,000 hadi 90,000 kwa mwezi kuanzia tarehe mosi. Tulipoomba kuona vipimo, tulijibiwa kwamba wahudumu wenyewe wanaona hali ilivyo. Kaka yetu mkubwa anasema tulipe tu, kwa kuwa ni uzee. Je, ni uzee? Na tuna haki ya kudai nini?
Binti wa tatu, Buruburu

JIBU

Binti yangu, nianze na neno la kaka yako, kwa sababu nimelisikia mara nyingi kuliko neno lingine lolote kando ya kitanda cha mgonjwa. Uzee hauingii mwilini kwa wiki sita. Mtu wa miaka 81 hupungukiwa na nguvu mwaka hadi mwaka, lakini aliyekuwa akijiogesha mwezi juzi na leo anavishwa daipa ana sababu mahususi, na mara nyingi sababu hiyo inatibika. Makao ya Mama yameanza na bei, yakafuatisha ngazi, na sababu haijatafutwa hadi leo. Ingefaa iwe kinyume: sababu itafutwe kwanza, mahitaji yapimwe baada ya kutibu kinachotibika, na ndipo mketi kuzungumza juu ya pesa.

Jambo la kwanza, ambalo singependa lingoje mkutano wowote, ni kichwa chake. Picha ya nyonga haionyeshi kichwa. Ubongo husinyaa kadiri umri unavyosonga, na mishipa midogo iliyo kati ya ubongo na fuvu hubaki imevutika, kwa hivyo mzee akianguka, hata bila kugonga kichwa kwa kishindo, mshipa unaweza kupasuka na kuvujisha damu polepole kwa wiki kadhaa. Dalili zake hufanana sana na hizo ulizoandika: kuchanganya watu, kuyumba, kupitwa na mkojo, na wakati mwingine kusinzia mchana au kulalamika kwamba kichwa kinauma. Hatari ni kubwa zaidi kwa mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mpelekeni wiki hii katika hospitali yenye mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya kichwa, mkaulize mapema kama inapokea SHA, yaani bima ya afya ya Serikali, na mkifika kwa daktari mtajeni tarehe ya kuanguka kabla ya kutaja jambo lingine. Akizidi kusinzia, akitapika, au upande mmoja wa mwili ukilegea, msingoje miadi. Huyo ni wa kukimbizwa siku hiyo hiyo. Mkiwa hapo, nyonga nayo iangaliwe tena. Ufa mwembamba kwenye shingo ya mfupa wa paja huweza kukosa kuonekana katika picha ya kwanza, na mzee anayekataa kukanyaga mguu wiki sita baadaye asiitwe mwoga wala mvivu kabla hajapigwa picha ya pili.

Kichwa na nyonga vikipatikana salama, bado yako mambo ya kawaida zaidi yanayomgeuza mzee kuwa mtu mwingine kwa siku chache: maambukizi ya mkojo au ya mapafu, upungufu wa maji mwilini, choo kigumu kilichokaa siku nne, sukari iliyopanda au kushuka, chumvi ya damu iliyopungua, maumivu ambayo hakuna aliyemuuliza habari zake. Kuchanganyikiwa kwa namna hii huja ghafla na hupanda na kushuka katika siku moja. Asubuhi anakujua, jioni anakuita kwa jina la marehemu. Ugonjwa wa kusahau wenyewe huja taratibu, kwa miezi na miaka. Ndiyo maana swali la “ilianza siku gani?” lina thamani kuliko vipimo vingi vya bei kali.

Halafu kuna dawa. Ombeni orodha kamili ya anazopewa, zikiwamo zilizoongezwa baada ya kuanguka, kwa maana nimeona mara nyingi mzee aliyeanguka usiku akipewa kidonge cha kumlaza, kidonge kikamlevya hadi asubuhi, na asubuhi hiyo ikaandikwa kwenye faili kwamba ameanza kupoteza kumbukumbu. Hata zile dawa za mafua na za mzio zinazoleta usingizi, ambazo sisi hununua dukani kana kwamba ni peremende, humchanganya mzee na kumfungia mkojo. Presha yake ipimwe akiwa amelala, kisha asaidiwe kusimama na apimwe tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Ikishuka kwa 20 au zaidi katika namba ya juu, au kwa 10 katika namba ya chini, mtakuwa mmepata sababu moja ya kuanguka, na huenda dawa ya presha yenyewe ndiyo inayomwangusha.

Baada ya hapo ndipo tathmini upya ya mahitaji inapoanza kuwa na maana. Vipimo vyenyewe si siri wala si vya kununuliwa ng’ambo. Kile cha Katz, kilichochapishwa mwaka wa 1963, huuliza mambo sita: kuoga, kuvaa, kutumia choo, kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Kile cha Barthel, cha mwaka wa 1965, huuliza mambo kumi, pamoja na kutembea na kupanda ngazi, na hutoa alama kutoka 0 hadi 100. Muuguzi aliyezoea hukimaliza kwa dakika chache. Ugumu uko katika kujua kama mzee ameshindwa jambo au amenyimwa nafasi ya kulifanya. Mhudumu mwenye wazee kumi wa kuogesha kabla ya staftahi atamwogesha hata yule anayeweza kujiogesha, kwa sababu ni haraka zaidi. Miezi miwili baadaye mzee huyo kweli hawezi tena, kwani mikono isiyotumika husahau kazi yake.

Niliwahi kumpokea wodini bibi mmoja aliyeletwa na daipa, na barua iliyosema hawezi kuzuia mkojo. Siku ya pili nilikaa kando yake nikatazama. Kitanda kilikuwa kirefu kiasi kwamba miguu yake ilining’inia bila kugusa sakafu, na choo kilikuwa mwisho wa ukumbi. Alikuwa akijua kabisa mkojo ukimjia. Alichokosa ni njia ya kufika. Tulishusha kitanda, tukaweka kiti cha choo hatua tatu kutoka kitandani, na tukawa tunamuuliza kila baada ya saa mbili kama angependa kwenda. Kufikia Ijumaa alikuwa akivaa chupi yake mwenyewe, na daipa zilizobaki tulimpa wa kitanda cha jirani. Kwa hivyo ukiambiwa Mama “anahitaji daipa,” uliza kwanza anatembea hatua ngapi hadi chooni na ni nani humwamsha usiku.

Uzito usikadiriwe kwa macho. Kama alikuwa na kilo 58 na sasa ana 55, amepoteza zaidi ya asilimia 5, na kiasi hicho kikipotea ndani ya mwezi mmoja, au asilimia 10 ndani ya miezi sita, wauguzi wa wazee kokote duniani huinua kichwa na kuuliza kwa nini. Asiyeweza kusimama kwenye mizani apimwe unene wa shavu la mguu, ile misuli ya nyuma chini ya goti, kwa utepe wa fundi cherehani. Chini ya sentimita 31 ni dalili ya misuli kuisha. Watazame pia meno ya bandia kama bado yanamkaa, kwa sababu mtu akikonda ufizi nao hupungua, meno yakacheza, na chakula kikawa adhabu.

Akili yake ipimwe kwa lugha anayoiota. Hili nalisema kwa uchungu kidogo. Nilimwona bibi mmoja wa upande wa Machakos akiulizwa tarehe kwa Kiingereza, kisha akaambiwa ahesabu kutoka mia moja akirudi nyuma kwa saba saba, yeye ambaye hakukanyaga darasani. Alinyamaza, akaandikiwa alama za chini. Nesi mwenzangu alirudi baadaye akamuuliza kwa Kikamba ni siku gani, ni msimu gani, na ni nani aliyemletea maembe yaliyokuwa kwenye kabati. Alijibu yote, na akaongeza bei ya maembe bila kuulizwa.

Mtakuwa mnajiuliza mtathibitishaje alivyokuwa zamani iwapo makao hayana vipimo vya siku aliyoingia. Fungueni simu zenu. Kundi la WhatsApp la familia lina video ya Krismasi ambamo Mama anainuka kitini, anakwenda kukata keki na kurudi; video hiyo ina tarehe, na inamwambia daktari mambo ambayo faili haina. Iandikeni kwa maneno pia: mwezi fulani alikuwa akifanya hivi mwenyewe, hivi kwa kusaidiwa, hivi hafanyi kabisa.

Sasa haki zenu. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinataka wazee waishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na wapate matunzo ya kadiri kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Na Katiba hiyo hiyo humhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inampa mtu haki ya kuona taarifa zinazomhusu, na taarifa za afya zimo. Basi andikeni barua fupi, Mama mwenyewe akitia sahihi au kidole cha gumba ikiwa anaelewa, mkiomba nakala ya faili, ripoti ya kuanguka, kitabu cha zamu cha wiki hizo sita, na orodha ya dawa. Pamoja na hayo, ombeni mkutano wa kumpima upya, na wawepo muuguzi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na yule mhudumu anayemvua nguo kila asubuhi, ambaye kwa kawaida haalikwi ingawa ndiye anayejua mengi kuliko wote. Mama naye awepo. Si vyema watu sita wamjadili mtu aliye chumba cha pili.

Kuhusu malipo, someni mkataba mliotia sahihi. Tafuteni kama unaeleza ngazi za matunzo, ni nani anayezipanga, na notisi ni ya siku ngapi. Kama umenyamaza, hiyo ni hoja yenu. Sisemi kwamba 25,000 za ziada ni wizi. Mtu wa kuinuliwa na watu wawili, kugeuzwa kitandani na kubadilishwa nguo mara tano kwa siku hugharimu kweli, na makao mengi hujiendesha kwa taabu. Ninachosema ni kwamba ongezeko liambatane na orodha ya kazi zitakazoongezwa, zikiwa na saa zake, na pawe na tarehe ya kumpima tena. Mkubaliane kwa maandishi kwamba akipata nafuu, bei itashuka kama ilivyopanda. Msimamizi akikataa kabisa kuwaonyesha chochote, Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa ina jukumu la kuwaangalia wazee pia, na kama malalamiko yenu ni juu ya kazi ya muuguzi, kuna Baraza la Wauguzi.

BARUA YA PILI

Sista, dada yangu anafanya kazi katika nyumba ya wazee huko Minnesota, Marekani. Anasema kwamba huko mzee akibadilika, sheria inawapa siku 14 kumpima upya, la sivyo wakaguzi wanawaandikia makosa. Mimi ni katika kamati ya kanisa inayosimamia makao madogo ya wazee hapa Kasarani. Je, tunaweza kuiga? Tuna muuguzi mmoja na wahudumu saba.
Mjumbe wa kamati, Kasarani

JIBU

Ndugu mjumbe, dada yako amekueleza ukweli, ila ni vizuri ujue sheria hiyo ilitoka wapi ndipo uamue cha kuchukua. Mwaka wa 1986 ripoti ya wataalamu iliyoagizwa na serikali ya Marekani ilieleza kwamba matunzo katika makao mengi ya wazee hayakuridhisha, na mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria inayoyabana makao yote yanayopokea fedha za Medicare na Medicaid, mipango ya serikali yao ya kulipia matibabu. Chini ya sheria hiyo kila mkazi hupimwa kwa fomu moja ya nchi nzima, inayojulikana kwa herufi MDS: kipimo kamili ndani ya siku 14 za kuingia, kifupi kila miezi mitatu, na kamili tena kila mwaka. Nje ya ratiba hiyo ndipo inapokuja kanuni anayoisema dada yako.

Maneno ya kanuni yenyewe yanafaa kutazamwa polepole. Siku 14 hazihesabiwi tangu makao yalipotambua badiliko tu, bali tangu yalipotambua au yalipopaswa kutambua. Maneno hayo mawili ya mwisho huondoa kisingizio cha “hatukuona.” Badiliko linalohesabika ni lile ambalo halitaisha lenyewe bila wahudumu kuingilia kati, linalogusa zaidi ya eneo moja la afya, na linalolazimu mpango wa matunzo uangaliwe na watu wa fani mbalimbali. Mafua ya wiki moja hayamo. Mzee aliyeacha kutembea na wakati huo huo akaanza kukonda yumo. Kuingia katika matunzo ya mwisho wa maisha, kama yale yanayotolewa hapa kwetu na Nairobi Hospice tangu mwaka wa 1990, kumo pia. Na nafuu imo: mzee aliyevunjika mguu akaja akiwa wa kubebwa, kisha akaanza kutembea na kula vizuri, naye hupimwa upya, maana kuendelea kumtunza kama mlemavu ni kumlemaza. Mpango wake hurekebishwa ndani ya siku saba baada ya kipimo kukamilika.

Fomu yenyewe msiichukue. Ni ndefu mno, ina kurasa nyingi, na kwa muuguzi mmoja ingekuwa kazi ya kukaa na kalamu huku wazee wakimngoja. Tena huko alama zake ndizo zinazoamua makao yatalipwa kiasi gani, na mahali popote ambapo anayepima ndiye anayelipwa kwa alama, kalamu huteleza. Hilo halina tofauti na barua ya binti wa Buruburu hapo juu. Kwa kamati yenu ningeshauri vipimo vifanywe na watu wawili, mmoja wao akiwa hana lolote la kupata katika bei. Muuguzi mstaafu wa kanisa anatosha.

Cha kuchukua ni siku 14, ile kanuni ya maeneo mawili, na karatasi moja kwa kila mzee inayojazwa siku anayoingia, ikiwa na mambo sita ya Katz, uzito, kusikia, kuona, usingizi na dawa. Bila karatasi hiyo ya mwanzo hakuna kupima upya, kuna kukisia tu. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo mwaka wa 2019 unaoweza kutumiwa hata katika kituo kidogo cha afya: mzee akumbuke maneno matatu, ainuke kitini mara tano bila kutumia mikono ndani ya sekunde 14, aulizwe kama amepoteza zaidi ya kilo tatu katika miezi mitatu, kisha macho, masikio na moyo wenye huzuni. Wahudumu wenu saba wanaweza kufundishwa hayo yote kwa alasiri moja.

Nasikia mara kwa mara kwamba mambo haya ni ya nchi zenye fedha. Wako wazee ambao msaada wao wa uhakika ni shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwasaidia wazee, na siwezi kujifanya kwamba fedha hizo zinanunua matunzo. Lakini utepe wa kupimia, mizani na daftari havijawahi kuyashinda makao yoyote niliyoyatembelea. Kinachokosekana huwa ni mtu aliyepewa kazi ya kuvitumia tarehe fulani ya mwezi, jina lake likiwa limeandikwa ukutani.

BARUA YA TATU

Sista, mimi ni mhudumu wa usiku katika makao ya wazee, na cheti changu ni cha miezi sita tu. Kuna mzee mmoja, aliyekuwa dereva wa lori, ambaye alikuwa akimaliza ugali na kuomba nyongeza. Sasa anaacha nusu, na akinywa chai anakohoa. Nilimwambia muuguzi wa zamu, akasema mzee ana mapozi. Kwenye kitabu cha zamu kila siku kumeandikwa “amelala vizuri, hakuna shida.” Naogopa kuonekana najua sana. Nifanye nini?
Mhudumu wa usiku

JIBU

Mwanangu, hujui sana, ila umeona, na hiyo ndiyo kazi. Tofauti kati ya neno linalopuuzwa na neno linalomtoa daktari ofisini ni namna lilivyoandikwa. Ukiandika “mzee amedhoofika,” kila anayesoma atakubali kwa kichwa na kufungua ukurasa mwingine. Andika hivi: “Jumanne, saa moja jioni. Amekula nusu ya ugali, kwa kawaida humaliza. Amekohoa mara tatu akinywa chai. Baada ya kumeza sauti yake ilikuwa ya majimaji. Alichoka kabla ya kumaliza. Nimemjulisha muuguzi wa zamu saa moja na nusu.” Fanya hivyo siku tatu mfululizo. Maandishi ya namna hiyo hayamshtaki mtu, na hakuna anayeweza kuandika “hakuna shida” chini yake bila kusita.

Kukohoa wakati wa kunywa si mapozi. Huenda chai inapita njia ya pumzi, jambo linaloweza kufuata kiharusi kidogo ambacho hakuna aliyekitambua, au ugonjwa wa kutetemeka, au ugonjwa wa kusahau uliokwisha kukomaa, na hatima yake ni nimonia. Mwombe muuguzi ampeleke kwa daktari, na hospitali kubwa zina wataalamu wa kumeza na kusema wanaoweza kumpima. Hili ni badiliko la maeneo mawili, kula na kumeza, kwa hivyo kwa kanuni niliyomweleza mjumbe wa Kasarani anastahili kupimwa upya mzima mzima, si kubadilishiwa kikombe tu.

Wakati mkingoja, mketishe wima kabisa anapokula na kwa nusu saa baada ya hapo, usimlishe akiwa amejiegemeza kwenye mto. Kikombe chenye mdomo kama birika kiache, kwa kuwa humlazimu ainue kidevu, na kidevu kikiinuka njia ya pumzi hufunguka. Funda dogo, ameze, kisha lingine. Usimsemeshe kinywa kikiwa kimejaa, hata kama hadithi zake za barabara ya Mombasa ni tamu. Msafishe kinywa usiku kabla ya kulala, maana mate machafu yakiingia mapafuni hudhuru zaidi. Usimwekee unga wa kuzidisha uzito wa vinywaji kwa kujiamulia, na usisage vidonge vyake kabla ya kumuuliza mfamasia, kwa sababu vingine havisagwi.

Na ujue kwamba mzee anaweza kuwa na nimonia bila joto la mwili kupanda. Mhesabie pumzi akiwa ametulia, kwa dakika nzima, ukitazama blanketi likipanda na kushuka. Zikizidi 24, au akianza kusinzia wakati ambao kwa kawaida yuko macho, usingoje daktari wa Alhamisi: mpigie simu msimamizi usiku huo huo, aitwe gari la kumpeleka hospitali, na uandike kwenye kitabu saa uliyopiga.